Mama Zamu na Kengele ya Jumamosi

Nikimkumbuka Mama Zamu, kwanza naisikia sauti yake kwenye simu, asubuhi, kabla hajavua koti. Amesimama dirishani, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono mwingine, anapigia kituo cha afya upande wa Muyinga. "Mumeamka?" anauliza. "Mi niko Gitega. Oya, hakuna shida. Nauliza tu kama mumeamka." Anakata, anaandika mstari mmoja kwenye daftari, anapigia kituo kingine. Akimaliza vyote ndipo anakaa mbele ya skrini, ambazo muda wote huo zimekuwa zikimwambia kwa rangi ya kijani kwamba Muyinga nzima ni salama.

Nilifanya naye kazi miaka mitano. Nilimkosea mara moja, kosa lililomtoa kazini, na kwa miaka miwili baada ya hapo sikumwambia kwamba mkono uliotenda ulikuwa wangu. Nalisema mapema ili msomaji asidhani namsifu kwa kuwa nampenda tu. Nampenda, nadhani. Siku hizi sina hakika na mengi ninayohisi, ila yeye namkumbuka vizuri.

Kazi yetu ni rahisi kueleza na ngumu kuonyesha. Vituo vya afya vya mikoani huagiza damu, oksijeni na dawa za dharura kwa simu, kupitia programu iliyotengenezwa na kampuni yetu. Programu yenyewe haikai Gitega. Imekatwa vipande, kila kipande kimefungwa ndani ya kontena lake, na makontena yamepangwa makundi makundi kwenye mashine za kukodi zilizo nchi za mbali, huko tunakokuita wingu. Sisi tulikaa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, tukitazama mistari ikipanda na kushuka: kontena gani limelemewa, lipi limekufa na kufufuliwa, kundi gani linabanana. Ukiingia unakuta watu wanne wanatazama ukuta. Mama yangu mzazi alipokuja kutoka Mutaho kuniona, alikaa saa nzima akila karanga, kisha akaniuliza kazi inaanza saa ngapi.

Mama Zamu ndiye aliyekuwa na maelezo ya kueleweka. Wageni wakija, mkurugenzi alianza na maneno yake makubwa, na yeye akawa anangoja kama mtu anayengoja mvua iishe. Halafu anasema: "Ni nyumba ya kupangisha, bwana. Ua moja, wapangaji wengi. Uyu akiwasha pasi, taa ya yule inakufa. Mwenye nyumba iko Ulaya uko, hamuwezi kumuona. Basi sisi tunakaa mlangoni, tunaangalia nani anakula umeme ya wenzake."

Mgeni mmoja aliuliza, je, kontena likifa?

"Linatolewa, linaingia lingine, sura ni ileile. Sekunde tu. Hata matanga hakuna."

Alilisema hilo bila kutabasamu, na mgeni hakujua acheke au aandike.

Jina la Mama Zamu alilipata kwa sababu ndiye aliyepanga zamu zetu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita jina lake. Alikuwa mnene wa wastani, mwenye viatu vya mpira vya kanisani na vya kazini ambavyo ni jozi moja. Miwani aliivaa juu ya paji la uso na kuitafuta mezani. Lakini nambari hazikumpotea. Ukimwuliza Jumatano ya wiki tatu zilizopita kundi la Muyinga lilikuwa na makontena mangapi, alikwambia, akakwambia na yule aliyekuwa zamu, na kwamba siku hiyo alichelewa akasingizia baiskeli. Tulimjaribu kwa utani, tukafungua kumbukumbu za mfumo kuhakiki. Hatukumshika hata mara moja. Tukaacha kumjaribu, tukawa tunamwuliza yeye kwanza kwa sababu ni upesi kuliko kutafuta.

Kabla ya kompyuta alikuwa mtu wa redio ya mawasiliano. Kila asubuhi vituo vya vilimani viliitwa kwa zamu, na kila kimoja kilijibu jina lake. Aliniambia kituo kinacholalamika hakikumpa hofu. Cha hofu ni kile kilichoitwa mara tatu kisijibu, maana hujui kama betri imeisha au watu wameisha. Alikuja na tabia hiyo ghorofani kwetu, akaiingiza katika mfumo. Kengele zetu zote zililia pale mashine ilipozidiwa: joto, foleni, makosa. Ya kwake ililia pale pasipo na kitu. Mkoa ukikaa saa moja bila ombi hata moja, inalia. Vijana waliosomea Bujumbura walisema ni kupoteza muda, mtu asiyeagiza damu ni mtu asiyehitaji damu. Aliwasikiliza, akaiweka. Tuliiita kengele ya ukimya, na katika mwaka wake wa kwanza ilikamata mara mbili mambo ambayo kengele zingine ziliyapita.

Alikuwa na swali moja ambalo lilituchosha sote. Ukimwambia mambo ni shwari, anauliza: "Nani amekwambia? Mashine ao mtu?"

"Mashine, Mama."

"Bon. Sasa uliza mtu."

Mimi nimekulia upande wa Kasulu, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na Kiswahili changu kilimfurahisha. Alisema naongea kama taarifa ya habari. Cha kwake alikiokota mtaa wa Nyamugari kwa majirani, akakichanganya na Kifaransa cha ofisini na Kirundi cha nyumbani, na kilimtosha kwa kila kitu, hata kwa kugombana na kompyuta. Aligombana nazo kwa adabu. Kontena likianza kufa na kufufuka kila dakika, alilisemesha kwa upole, "Yewe, we tulia, kwani unakimbizwa na nani?" Kisha ananigeukia mimi kwa ukali ule ambao kontena halikuupata.

Hakuwa malaika. Alikataza mtu kula karibu na mashine, na droo yake ilijaa maganda ya karanga. Alichukia umbea, lakini alijua nani anamchumbia nani jengo zima. Alituhubiria kwamba kengele hainyamazishwi, kengele inajibiwa, halafu simu yake mwenyewe aliizima Jumapili nzima na ukimwuliza anasema Mungu haagizi oksijeni. Kijana mmoja aliomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi, Mama Zamu akamwuliza ni shangazi gani, akataka na jina la kilima alikoishi. Alimpa ruhusa. Wiki iliyofuata alimpa rambirambi mama wa kijana huyo sokoni, mama akashangaa kwa sababu hakuna aliyekufa. Kijana hakufukuzwa. Alipangwa zamu ya kila sikukuu kwa mwaka mzima, bila neno.

Mafuta yalipoadimika, jenereta la bwana mwenye duka chini yetu ndilo lililotupa umeme. Familia yake ilitoka Uhindini zamani, yeye ni wa Gitega, na Mama Zamu alizungumza naye Kiswahili cha mtaani kama watu waliocheza pamoja. Siku moja alituma ujumbe kwamba amebakiza mafuta ya nusu saa. Mama Zamu akachukua kompyuta, akashuka, akakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa kwa kuwa duka lilikuwa na paneli ya jua. Tulifanya kazi pale hadi jioni, katikati ya majora ya vitambaa na wanawake wanaopima vitenge. Mteja mmoja aliona mistari ya rangi kwenye skrini akaulizia kama mtindo ule umeshafika au bado uko njiani. Mama Zamu alimjibu kwamba umefika ila haufuliki. Bwana wa duka alicheka hadi akakohoa.

Kuna kitu kimoja cha chumba chetu lazima nikieleze, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Kampuni ilinunua ruhusa ya mtumiaji mmoja tu kwenye chombo cha kuangalia makundi, na ruhusa hiyo ilikuwa kwa jina la Mama Zamu. Asubuhi alifungua kwa nywila yake, na sote tukatumia hapohapo mpaka jioni. Siku ambazo hayupo tulikuta imefunguliwa tangu jana. Yeyote akigusa chochote, mfumo uliandika kwamba amegusa yeye. Alilijua hilo ndiyo maana akaweka daftari la shule, lenye karatasi za mistari, likafungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ukibadilisha kitu, unaandika: tarehe, ulichogusa, jina lako. "Mashine inajua jina moja tu," alisema. "Daftari iko inajua yote." Vijana waliona ni ushamba, kazi ya wingu kutunzwa kwa kalamu ya bluu. Mimi niliandika kila nilichogusa, miaka mitano, isipokuwa mara moja.

Jumamosi asubuhi kwetu ni kazi za jumuiya, travaux. Watu wanatoka na majembe na mapanga, wanazibua mifereji, wanafyeka kando ya barabara, na mpaka saa nne hivi maduka yamefungwa na magari hayatembei. Vituo vya afya hubaki na mtu mmoja au wawili, na maombi karibu yanakatika. Kwa hiyo kila Jumamosi kengele ya ukimya ililia. Ililia kwa Muyinga, ikalia kwa mikoa mingine, ikarudia baada ya saa nzima. Kanuni ya Mama Zamu ilikuwa ileile: inajibiwa. Aliye zamu anapiga simu kituo kwa kituo, anauliza kama wameamka, anaambiwa wameamka, wako travaux, kwa nini unauliza kila wiki? Mwingine alinitukana. Mwingine alipokea simu huku ameshika jembe, nikasikia likigonga jiwe.

Nilipangwa Jumamosi mara mbili kwa mwezi. Ijumaa moja mchana, Mama Zamu akiwa ameshuka kununua karanga, nilikaa kwenye kiti chake nikaipangia kengele ya ukimya kimya chake: kila Jumamosi, kuanzia alfajiri hadi saa tano. Ilichukua mibonyezo minne. Nilisema moyoni nitaandika kwenye daftari nikipata namna nzuri ya kumweleza. Alirudi, akanigawia karanga, na sikuandika.

Wiki kadhaa baadaye aliniuliza, "Jumamosi kengele siku izi iko kimya, ama?"

Nikamwambia watu wamezoea, wanaagiza hata wakati wa travaux.

"Ni vizuri," akasema. Akaandika hilo kwenye daftari, na jina langu pembeni kama aliyemwambia.

Jumamosi yenyewe nilikuwa zamu mimi. Skrini zote kijani. Nilikunywa chai, nikakata kucha, nikasoma habari za harusi ya mtu nisiyemjua kwenye simu. Kwenye mashine za nchi za mbali, katika kundi la Muyinga, kontena la kupokea maombi lilikuwa linaulizwa kila sekunde kumi kama liko hai, nalo linajibu kwamba liko hai. Lilikuwa hai kweli. Ila hifadhi ambayo lilikuwa likiiandikia ilijaa tangu alfajiri, kwa hiyo kila ombi lililoingia lilipokelewa, likashukuriwa, na kutupwa bila kuhesabiwa. Kwenye simu ya muuguzi wa kituo kimoja cha kilimani, ambacho sitakitaja, yalitokea maneno ambayo hutokea siku zote: ombi limepokelewa. Alikuwa na mama aliyejifungua na anayevuja damu. Alisoma maneno yale, akamwambia mume wa mama yule kwamba damu inakuja, wakangoja.

Saa tano kimya nilichokipanga kiliisha na kengele ikalia. Nikapiga simu kama kanuni inavyotaka. Muuguzi alipokea.

"Mumeamka?" nikauliza.

"Dada," akasema, "ni sasa ndio unauliza?"

Akanieleza. Mtoto yuko, mama amekwenda, saa nne haijafika. Hakupandisha sauti. Nilimwambia pole, nikakata, nikafungua kundi, nikaliona kontena, nikasafisha hifadhi, nikaliua, likaja lingine. Haikufika dakika mbili. Ndipo maombi mengine yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, na mstari wa Muyinga ukapanda vizuri. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilikaa nikiuangalia mstari, nikakuta nimekunja vipande vya kucha kwenye karatasi na kuvitia mfukoni.

Jumatatu mkurugenzi alituita sote. Alikuwa amechapisha kumbukumbu za mfumo. Akasoma tarehe, saa, kengele iliyonyamazishwa, na jina la aliyenyamazisha.

"Madame," akasema, "ni wewe."

Mama Zamu aliomba karatasi. Alishusha miwani kutoka kwenye paji, akasoma, akasoma tena. Kisha akaenda kwenye daftari, akainama kwa sababu kamba ilikuwa fupi, akatafuta Ijumaa ile kwa kidole. Hakuna mstari. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma ukurasa mtupu.

"Sikuandika," akasema.

"Lakini ulifanya?"

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Kwangu alikawia kidogo, au niliona hivyo. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi yote tayari, fupi tu, na nikaona haitoki, kama vile imeombwa kwa mtu mwingine.

"Iko jina yangu," Mama Zamu akasema. "Basi ni mi."

Alipewa barua ile wiki. Aliondoka na kikombe chake, viatu vyake na mfuko wa karanga, akarudi kwao Muyinga kwa binti yake. Mimi nilipewa kiti chake. Nikanunuliwa ruhusa yangu ya kuingilia, na kila mtu chumbani akanunuliwa ya kwake, na daftari likakatwa kamba. Vijana wakaanza kuniita Chef, mkubwa wao.

Kwa miaka miwili niliishi na maelezo yangu. Nilijiambia kwamba alijua. Mtu anayekumbuka Jumatano ya wiki tatu zilizopita atakosaje kujua ni nani alikaa kwenye kiti chake Ijumaa alipokwenda kununua karanga? Nilikumbuka lile jicho lililokawia, nikalitafsiri: amenifichia. Amepima akaona mimi ni kijana, yeye amebakiza miaka michache kazini, akaubeba mzigo wangu. Tafsiri hiyo ilinifaa. Niliiona kama deni la shukrani tu, na shukrani haina haraka. Nilituma salamu mara moja kupitia kwa bwana wa duka. Zilijibiwa kwa salamu.

Mwaka huu nilipelekwa Muyinga kuonyesha vituo namna mpya ya kuagiza. Katika kimoja nilimkuta yule muuguzi. Tulisalimiana kwa mikono kama watu wasiojuana, tukafanya kazi asubuhi nzima, na mwisho ni yeye aliyeniambia nyumba ya Mama Zamu iko wapi, nyuma ya soko, geti la bluu. Nilikwenda kwa mguu. Niliandaa maneno ya kushukuru. Nilikuwa nimenunua na sukari.

Alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Amekonda. Miwani ilikuwa machoni, mahali pake, na hilo ndilo lililonishtua.

"Taarifa ya habari imefika," akasema. "Kaa, mwana wangu. Kaa hapo."

Tulisalimiana kwa kirefu. Aliuliza Gitega, akauliza bwana wa duka, akauliza kama vijana wanakula karibu na mashine. Hakuuliza kazi. Nikaona mlango wa nyumba umejaa alama za chaki, vistari vidogo vidogo vilivyopangwa, mamia. Aliona ninavitazama.

"Iyo ni ya kufunga mlango," akasema. "Nikifunga, naweka kimoja. Halafu nikiuliza kama nimefunga, nakuja kuangalia."

"Kwa nini, Mama?"

Alichagua kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

"Kichwa yangu iliharibika. Toka wakati ule. We ulikuwa pale, uliona. Kengele yangu mwenyewe, mi nimeinyamazisha na mkono wangu, na sikumbuki. Wala kidogo. Nimetafuta wiki nzima, usiku na mchana, ile Ijumaa: karanga nakumbuka, ngazi nakumbuka, mvua ilikuwa inataka kunyesha nakumbuka. Iyo peke yake haiko. Donc, basi, nikajua. Mtu anaweza kuua mama wa watu na hakumbuki, uyo kichwa iko na shimo. Na shimo iko moja unayoona, zingine hauzioni."

Nilishika mfuko wa sukari.

"Binti yangu alinipeleka kwa daktari," akaendelea. "Daktari hakuona kitu, alisema ni umri. Binti alinisikiliza mi, hakumsikiliza daktari. Mi ndio nilimwambia: usiniache na jiko, usiniache na dawa. Amejifungua, mtoto iko na miezi saba. Haniachi naye. Anaenda naye sokoni mgongoni, jua yote iyi, anauza nyanya naye mgongoni. Iko na haki. Ni mi nilimwambia."

Alisema yote hayo kwa sauti ileile aliyotumia kusoma idadi ya makontena. Mimi nilikuwa nimekuja kumshukuru mtu kwa kunibebea mzigo, na mtu huyo hakujua kwamba kuna mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa ameamini karatasi ya mashine, akajikana mwenyewe. Miaka miwili. Niliona aibu, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile nilihisi kitu, na aibu hiyo haikuwa kubwa kama nilivyotazamia.

"Mama," nikasema, "si wewe."

"Nini?"

"Kengele. Ni mimi niliinyamazisha. Ulikuwa umekwenda kununua karanga. Nilikaa kwenye kiti chako. Sikuandika kwenye daftari."

Mikono yake ilisimama ndani ya maharagwe.

"Rudia."

Nikarudia.

"Polepole."

Nikarudia polepole. Nilimwambia saa. Nilimwambia mibonyezo minne, ipi kwanza, ipi ya mwisho. Nilimwambia alivyorudi akanigawia karanga, na siku aliyoniuliza kuhusu Jumamosi na uongo niliomjibu. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kwa kila jambo kama mtu anayehakiki orodha, na nilipotaja mvua iliyotaka kunyesha, akafumba macho. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa na majibu ya kwa nini, hayakuhitajika.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Alimaliza kuchambua maharagwe yote yaliyokuwa kwenye ungo, kisha akayapitia tena upya ingawa yalikuwa safi.

Geti likalia na binti yake akaingia, beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni amelala, shingo imeanguka upande. Mwanamke wa umri wangu. Akanisalimia kwa Kirundi, amahoro, akatua beseni, akaangalia uso wa mama yake, halafu wangu.

"Kuna nini?"

"Uyu ni wa Gitega, tulifanya naye kazi," Mama Zamu akasema. Kisha akanielekea. "Rudia mbele yake. Yote."

Nikasimama. Mara hii maneno yalitoka yakiwa makavu, kama ya ripoti. Binti alisikiliza bila kukaa, mkono mmoja nyuma umeshika makalio ya mtoto. Nilipofika kwenye jina lililoandikwa na mfumo, alimwangalia mama yake, na alipoziangalia zile chaki mlangoni nikapoteza mahali nilipofika, ikanibidi nianze tena sentensi. Nikamaliza. Kulikuwa na redio ya jirani inaimba.

Binti alifungua fundo la kitenge kifuani, akainama, akamtelezesha mtoto kwa mbele, na akamweka mapajani kwa mama yake, juu ya maharagwe. Akachukua ndoo mbili tupu ukutani. Akatoka kwenda bombani na kulifunga geti nyuma yake.

Mtoto alifumbua macho, akafumba. Mama Zamu alimshika kwanza kama kitu cha kuazima, halafu akamsogeza, akaingiza kiwiko chini ya kichwa chake. Hakuniangalia tena.

"Nenda sasa," akasema. "Taksi za Gitega zinajaa saa nane."

Niliweka sukari kwenye kiti nilichokalia. Nikamsogelea, nikanyoosha mkono kumuaga. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mtoto, na hakuitoa.